Kishoka Kilichobaki Kisarawe

Mtakaosoma haya mko tisa, na wote nawajua kwa namna mnavyoshika panga. Wawili kati yenu mnalishika kama kijiko cha uji. Nimewasema mpaka nimechoka, na sasa nimestaafu, basi lishikeni mnavyotaka.

Mkuu wa ofisi aliniomba niandike machache kuhusu kazi, yawafae mnaobaki. Mimi niliishia darasa la nne, na mkono wangu umezoea mpini kuliko kalamu. Ningekataa. Nimekubali kwa sababu kuna jina la mtu mnalolichezea kila siku, na aliyewapa mlichezee ni mimi. Nitalifikia hilo. Nitalifikia kwa miguu, kama tulivyofika kila mahali. Habari za nani alipanda cheo na nani aliongezewa mshahara sitaziandika, maana hazijawahi kumkatia mtu njia msituni.

Nilianza nikiwa mjane wa mwaka mmoja, na watoto watatu niliowaachia mama yangu nyuma ya soko la Kisarawe. Niliajiriwa mpishi. Kazi ya kikosi mnaijua: mpima ardhi anataka kuona kutoka kigingi hadi kigingi, na pori halitaki aone. Basi sisi tunatangulia na kufungua mkuza, njia nyembamba iliyonyooka, siku kumi, siku kumi na tano, wakati mwingine wiki tatu, na kila kitu kiko kichwani au mgongoni. Siku hizi mna kile kidude kinachoongea na angani, mnakata kidogo. Enzi zetu tulikata kila hatua.

Siku ya kwanza nilifika stoo ya kikosi, palepale Kisarawe, na kiroba kikubwa. Nilikuwa nimeweka sufuria mbili, panga la marehemu mume wangu, shoka lake la kupasulia kuni, kisu cha kuchinjia, kisu cha mboga, na jiwe la kunolea lenye uzito wa mtoto wa miezi mitatu. Mzee Mfaume, mtunza vyombo, alikifungua kile kiroba, akatoa kimoja kimoja, akakipanga chini. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenyeji wa Dutumi, hana haraka hata mvua ikimnyeshea. Alipomaliza kupanga akaniuliza, "Mama, unahama?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira za kufiwa bado.

Akaagiza chai. Akaniambia nichukue lile panga la mume wangu, ninyooshe mkono mbele, nimsubiri amalize kikombe. Nilidhani ananidhihaki. Nikanyoosha. Alikunywa kama anavyokunywa mtu asiyedaiwa safari, anapuliza, anaweka chini, anauliza habari za sokoni. Kikombe hakijafika nusu, mkono ukaanza kutetemeka. Akasema, "Hilo ni panga la mume. Wewe tutakutafutia lako."

Hiyo ndiyo chai ya mkono, ambayo ninyi mmeigeuza mchezo wa kuwatisha wageni. Haikuwa mchezo. Kila mtu wa kikosi alipimwa kabla ya kila safari, hata aliyepimwa mwezi uliopita, maana mkono wa mwezi uliopita huenda ulikuwa haujaugua malaria. Kama mkono unatetemeka kabla ya kikombe kuisha, chombo ni kizito kwako, hata kama dukani walikwambia ni chepesi.

Masanja alijiunga mwaka huohuo. Msukuma, mrefu, ndugu zake walishuka na ng'ombe mpaka huku Pwani na wako Kibaha vijijini hadi leo. Kwa kuwa sisi Wazaramo na wao ni watani, hakutuonea haya. Siku ya kupimwa alichukua panga zito kuliko yote, akanyoosha, akasema Mzaramo kitu kizito anachoweza kubeba ni sahani ya ubwabwa. Mzee Mfaume akamaliza kikombe. Mkono wa Masanja umetulia kama tawi. Mzee akaagiza cha pili. Akaagiza cha tatu. Katikati ya cha tatu Masanja akaanza kutoka jasho, panga likaanza kucheza.

"Shemeji," Mzee akamwambia, "siku ya porini ina vikombe vingi."

Masanja akachagua la saizi ya kati, na akajibu kwamba tatizo si panga, tatizo ni Wazaramo kunywa chai polepole.

Nilipika miezi kama sita hivi. Kisha mfyekaji mmoja akaugua, nikapewa panga kwa siku mbili, na sikulirudisha. Mzee Mfaume ndiye aliyenifundisha kuchagua, nami nawaandikia kama alivyosema, maana naona mmeanza kununua vitu kwa rangi ya mpini.

Panga tulinunua Maili Moja. Mwenye duka alikuwa hatupendi, kwa sababu tulisimama nje saa nzima tukigonga mapanga kwa kucha na kuyasikiliza. Chuma kizuri kinalia na mlio unakwenda mbali. Kinachosema "tap" kikanyamaza ni bati, kitapinda kwenye mzizi wa kwanza. Urefu ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Likizidi hapo tulilipeleka kwa mhunzi akalikata ncha, kwa sababu ile ncha ndefu ndiyo inayochosha bega na haikati chochote. Mgongo wa panga tuliunyoa kwa mashine, likawa jembamba. Mpini wa plastiki tuliutoa na kuutupa. Unateleza ukilowa jasho, na ukipasuka huna pa kuupeleka.

Mpini mzuri ni wa mkole. Ni mwepesi, unanesa, hauumizi kiganja. Lakini mkole kwetu Wazaramo ndio mti anaopelekwa mwali, na mara ya kwanza nilipomwona Mzee Mfaume anauendea na shoka nilimwambia mwanamume haukati hivihivi kama anakata kuni. Alisimama. Akaniangalia. Akanipa shoka, akasema, "Basi kata wewe." Tangu siku hiyo mipini yote ya kikosi nilikata mimi. Kumbukeni hilo.

Tupa ya kunolea tuliivunja katikati, nusu inatosha safari nzima, na tuliifunga kwenye kitambaa chenye mafuta. Kisu cha chakula kimoja tu kwa watu wote, na hakikati kamba. Wembe mmoja, wa kutolea miiba. Kila chombo kilikuwa na ala yake, tuliyoshona kwa mpira wa tairi la ndani. Na kunoa ni kila jioni kabla ya kula, si baada. Panga butu, hata liwe jepesi vipi, saa nane mchana ni zito kuliko mtu.

Juu ya hivyo vyote kulikuwa na kishoka kimoja cha kikosi kizima. Kishoka kidogo, unaweza kukificha chini ya kanga. Tulikibeba kwa zamu, kila mtu siku yake, na kila mtu alikilaumu siku yake, kwa sababu kwa siku tisa katika kumi hakikuwa na kazi yoyote. Kinakuchoma mbavu, unakibeba, jioni unakiweka chini kama kilivyo. Masanja alikiita mgeni, kwa sababu kinakula njia na hakifanyi kazi.

Mimi nilijifunza haraka. Labda haraka mno. Mwaka wa saba Mzee Mfaume alikuwa ananiachia nifungashe peke yangu, kisha anakuja kukagua. Nilikuwa naazima mizani ya muuza mchele jirani, napima kila kitu. Nikinyoa hapa, nikikata pale, mzigo wa kikosi unapungua kila safari, na mpima mmoja aliwahi kusema mbele ya watu kwamba hajaona kikosi kinachotembea kama sisi. Nililala na yale maneno kama mtu aliyepewa pete.

Ndipo ikaja safari ya mabonde ya kusini mwa Kisarawe. Siku ya kufungasha Mzee Mfaume alikuwa Dutumi, amefiwa na dada yake. Alituma ujumbe kwamba atatukuta njiani, nifungashe mimi. Ramani nilionyeshwa: vichaka, vichaka, mashamba ya zamani ya mikorosho, vichaka. Nikapima mzigo. Ulikuwa mzuri, lakini nilitaka uwe mzuri zaidi. Nikakitazama kile kishoka. Zamu ya kwanza ya kukibeba ilikuwa yangu, na shingo ilikuwa inaniuma tangu juma lililotangulia. Sitawadanganya kwamba niliwaza sana. Nilikifunga kwenye gunia, nikakiweka nyuma ya mlango wa stoo, nikafunga kufuli.

Mzee alitukuta siku ya pili. Jioni, kama kawaida yake, akavipanga vyombo chini kimoja kimoja. Alipofika mwisho akatazama pale penye nafasi, akaniuliza, "Kishoka?"

Nikamwambia huku ni vichaka tu, nimepunguza uzito. Nilisema kwa sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa.

Alihesabu kwa vidole. Kurudi Kisarawe ni siku moja na nusu kwenda, na siku moja na nusu kurudi, na mpima alikuwa nyuma yetu anahimiza. Akaanza kuvirudisha vyombo kwenye ala zake. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Ule uzito ulioutoa kwenye mzigo umeuweka wapi?"

Sikumwelewa. Nilidhani ni uchungu wa msiba.

Siku ya nane mstari ulishuka kwenye bonde ambalo ramani haikulisema. Mle miti ilikuwa mikubwa. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha kidogo. Kulikuwa na mtondoro mkavu ulioanguka zamani ukaegemea mwenzake, na Mzee Mfaume alikwenda mbele kuangalia tuupitie upande gani. Sisi tulikuwa hatua ishirini nyuma yake. Hatukuugusa. Ule uliokuwa umeegemewa ulikatika wenyewe, na ule mkavu ukaja chini na kumlaza, paja lake likiwa kati ya gogo na jiwe.

Tulikuwa wanne, na watu wanne wanaweza kuinua gogo. Lakini pale palikuwa mteremko. Kila tulipoingiza miti na kunyanyua, gogo lilisogea kuelekea tumboni mwake. Masanja akasema tuache, tutamuua. Njia ilikuwa moja, kulikata gogo upande wa chini, kipande kizito kibingirike, chepesi tukiondoe. Gogo lilikuwa na unene wa kinu.

Basi tukakata. Kwa yale mapanga yangu. Mafupi, membamba, niliyoyanyoa mgongo, yanayolia vizuri ukiyagonga kwa kucha. Kwenye matawi mabichi yalikuwa yanapita kama kisu kwenye papai. Kwenye moyo wa mtondoro mkavu yalidunda. Panga jepesi halina uzito wa kuingia, na hilo ndilo nililokuwa nimelinunua, nimelikata, nimelinyoa, nikalipima kwa mizani ya mchele. La kwanza lilivunjika kabla hatujafika ndani upana wa vidole viwili. La pili na la tatu makali yalijikunja.

Masanja akaondoka mbio kutafuta watu. Mtandao wa simu kule haukuwepo, wala sisi hatukuwa na simu ya maana.

Mzee Mfaume hakupiga kelele. Aliomba chai. Nikawasha moto, nikachemsha, nikatia sukari nyingi, nikamnywesha kwa mkono wangu, kichwa chake kwenye goti langu. Alikuwa anawaangalia wale wawili waliobaki wanakata. Baadaye akaniambia, "Mama Hadija, hilo la mwenzio limekufa. Linoe." Nikamlaza, nikachukua nusu ya tupa, nikanoa. Nikarudi. Akaniambia tena, nikanoa tena. Hivyo ndivyo tulivyokaa. Kishoka hakukitaja hata mara moja, na mimi nilikuwa nakisikia kila panga lilipodunda.

Masanja alirudi jua limeshaelekea alasiri, na mchoma mkaa mmoja, na shoka la yule mchoma mkaa. Shoka baya, mpini wake umefungwa waya. Kazi iliyotushinda tangu asubuhi shoka lile liliimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Mchoma mkaa alilitazama gogo, akayatazama mapanga yetu, akauliza kwa upole kabisa, "Ninyi mlikuja huku kufanya nini?"

Tulimbeba kwenye machela ya miti miwili na kanga zangu mpaka barabarani. Hospitali walifanya walichoweza. Mguu ulikuwa umekaa bila damu saa nyingi mno. Waliukata juu ya goti.

Siku ya nne mkuu wetu wa wakati ule alikuja wodini. Hakuwa mtu mbaya, lakini ofisi ilitaka maelezo, na aliyesababisha angeondoka kazini siku hiyohiyo. Alisimama upande huu wa kitanda, mimi upande ule. Akauliza nani alifungasha vyombo.

Mzee Mfaume alisema, "Mtunza vyombo ni mimi. Kishoka nilikiacha mimi."

Mkuu akanitazama. Mimi nikaitazama sakafu. Ilikuwa imepigwa deki muda si mrefu, nakumbuka mpaka alama ya ndoo.

Mkuu alipoondoka nilianza kulia, nikamwambia nitamfuata nimwambie. Mzee akanikataza. Akasema, "Wewe una watoto watatu. Mimi nina mguu mmoja. Kazi inamfaa nani?"

Nikamwambia si kweli, umesema uongo kwa ajili yangu.

"Siku ya pili nilijua hakipo," akasema, "na nikaendelea na safari. Kwa hiyo si uongo wote." Kisha akageuza uso ukutani, akaniomba nikamwite muuguzi.

Nilipewa stoo yeye akiwa bado wodini. Jambo la kwanza nililofanya ni kukitoa kile kishoka nyuma ya mlango. Hakijaachwa tena hata kwa safari ya siku moja, na mimi nimekibeba zamu yangu na zamu za wengi wenu, nanyi mkadhani bibi ana roho nzuri.

Nilikwenda Dutumi kumwona mara mbili. Mara ya pili mkewe, Bi Mwanaidi, alikuwa anapepeta mchele, na alikuwa amechoka kama anavyochoka mwanamke anayelima peke yake na kumwogesha mume. Akaninyooshea kidole, akamwambia mumewe, "Mwone mwenzio ana miguu yake miwili. Kwa sababu yeye hasahau." Mzee Mfaume alinitazama. Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa nafasi kubwa kama mlango. Akasema, "Mama, mletee mgeni chai." Nikanywa chai ile, nikaaga, na sikwenda tena. Aliishi miaka minne baada ya ajali. Alipozikwa nilikuwa porini, na nitasema ukweli, nilishukuru kwamba niko porini.

Sasa nafika kwenye lile jina.

Ofisini habari ilibaki kwamba Mfaume alisahau shoka akakatwa mguu. Wageni walipokuja kazini walisimuliwa hivyo, kama onyo. Mimi nilikuwepo, nilikaa kimya, nikijiambia kimya si uongo. Halafu siku moja mtu mmoja, simtaji, ameshaondoka, alisahau tupa. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba. Nikamwambia mbele ya kikosi, "Umefanya Mfaume."

Watu wakacheka sana. Ilikuwa tamu mdomoni mwao, wakaichukua. Asiyefunga ala kafanya Mfaume. Aliyeacha kiberiti kafanya Mfaume. Mnasema hivyo mpaka leo, na wengi wenu hamkuwa mmepata akili alipokuwa hai. Mmelipata kwangu. Mtu aliyekuwa anapanga vyombo chini kimoja kimoja kila jioni ya maisha yake, jina lake ndilo nililolifanya neno la uzembe.

Mwaka juzi alikuja Rehema. Mnamjua, na nawe Rehema najua unasoma. Jina la ukoo lilikuwa la baba yake, hatukumtambua. Safari yake ya kwanza mtu akasahau chumvi, mwingine akasema lile neno, wote mkacheka, na yeye akacheka pamoja nanyi. Kesho yake tukiwa wawili mtoni akaniuliza, "Bibi, huyo Mfaume wanayemsema ni wa wapi?"

Nikamwambia wa Dutumi.

"Mwenye mguu mmoja?"

Nikasema ndiyo.

"Ni babu yangu, mzaa mama."

Alisema taratibu, bila kulalamika. Alikuwa anasubiri nimwambie kitu. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na nane, nimezika mume, mama na mtoto mmoja, simwogopi mtu yeyote katika wilaya mbili hizi. Nikamwambia, "Kanoe panga."

Akaenda kunoa. Tangu hapo hakucheka tena neno hilo likitajwa. Lakini hakuwakataza. Alikuwa anaamini ni kweli.

Siku ya kuniaga mlipika pilau, mkuu akasimama akasema bibi huyu kwa miaka yote hajawahi kusahau chombo. Mkapiga makofi. Kisha mkaniletea zawadi: kile kishoka, mmekipaka rangi, mpini wangu wa mkole umefungwa utepe mwekundu. Mlifanya kwa mapenzi, najua. Mliona sikula, mkadhani ni majonzi ya kuwaacha. Hayo pia yalikuwepo, lakini kidogo.

Juma lililofuata nilikichukua kishoka nikaenda Dutumi.

Bi Mwanaidi sasa ni mzee, jicho moja limefunga, lakini alinitambua kwa sauti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema umepotea. Nikamwambia sikupotea, nilijificha. Kisha nikamwambia yote, tangu gunia nyuma ya mlango mpaka lile neno, na kwamba mjukuu wake amelisikia na nilimtuma kunoa panga. Nilisema nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka, kishoka kiko mbele yangu.

Hakulia. Alipapasa ukingo wa mkeka. Nilijiandaa kwa matusi, na ningeyapokea. Alichosema ni hiki: "Miaka minne nilimlaumu. Nikimwogesha, namlaumu. Nikimpa uji, namlaumu. Nilimwambia umejikata mguu mwenyewe kwa uzembe wako, umeniacha na jembe. Mpaka usiku aliokufa nilikuwa nimemnunia."

Nikamwambia nisamehe, dada yangu.

"Mimi si wa kwanza wa kuombwa," akasema. "Na wa kwanza hayupo." Kisha akaniambia nikawaambie wale wanaocheka, wote, na mjukuu wake akiwemo, na niwaambie kwa kuandika, ili nikifa wasirudi kwenye ule uongo wa zamani. Hiyo ndiyo karatasi mnayoisoma. Ombi la mkuu wa ofisi lilinikuta njiani tu.

Mengine niliyotaka kuwafundisha mmeshayajua. Punguzeni uzito, ni vizuri, mimi mwenyewe nimeishi kwa hilo. Lakini kabla ya kuacha chombo nyuma ya mlango, jiulizeni alichoniuliza yeye jioni ile: uzito huo mnauweka wapi. Na nimewaachia shoka jipya stoo. Mpini nimekata mimi, wa mkole. Mkileta masihara ya "Umefanya Mfaume," maana yake sasa mnaijua: ni mtu kubeba mzigo wa mwenzie na kunyamaza. Aliyewahi kufanya hivyo kati yenu na asimame. Mimi nitabaki nimekaa.

Siku ile nilipotaka kuaga, Bi Mwanaidi aliita aletewe chai. Kilikuja kikombe kimoja. Akakipapasa kishoka pale chini, akakipima mkononi, akasema marehemu alikuwa akimpimia hata mchi na jembe, kila msimu, mpaka yeye akawa anamkimbia mumewe. Kisha akanirudishia.

"Kinyooshe," akasema.

Nikanyoosha mkono. Aliinywa chai ile polepole, anapuliza, anaweka chini, anauliza mvua ya Kisarawe imenyeshaje. Kikombe hakijafika nusu, mkono ukaanza kutetemeka. Jicho lake zima lilikuwa linanitazama. Hakuniambia nishushe, nami sikushusha.